Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Warsha za Kimataifa za Sayansi ya Anga za Juu kwa Watafiti wa Nchi Zinazoendelea

Warsha hizi ni za namna gani?

Ni mafunzo mafupi, mara nyingi ya wiki mbili, yanayowakutanisha watafiti chipukizi wapatao thelathini kutoka nchi zinazoendelea, aghalabu za ukanda mmoja, pamoja na wahadhiri wachache ambao wenyewe hufanya kazi kila siku na data za setilaiti au vyombo vya kupimia vinavyohusika. Tofauti yake na mkutano wa kisayansi ni kubwa. Mkutanoni mtafiti huenda na matokeo yaliyokwisha kukamilika, akayaeleza kwa dakika kumi na tano, akajibu maswali mawili na kuketi. Kwenye warsha huenda na swali, tena pengine asijue kama swali lenyewe linajibika, na kutwa nzima hukaa mbele ya kompyuta akilihangaikia huku mhadhiri akipita nyuma yake na kumuuliza kwa nini amefanya hivi na si vile. Hazifanani pia na kozi za chuo, kwa kuwa hakuna mtihani na hakuna alama.

Nani huziandaa?

Hakuna chombo kimoja. Kamati ya Utafiti wa Anga za Juu, ijulikanayo kwa kifupi kama COSPAR, iliundwa mwaka 1958, na ndiyo yenye mfululizo wa warsha unaolingana zaidi na maelezo yaliyotangulia. Ya kwanza ilifanyika Brazil mwaka 2001 na ilihusu astronomia ya eksirei; tangu hapo zimefanyika nyingine katika nchi kama India, China na Afrika Kusini, kila moja ikiwa na mada yake.

Umoja wa Mataifa ulikuwa umetangulia. Mpango wake wa Matumizi ya Anga za Juu ulianza mwaka 1971, na mwaka 1991 ilifanyika Bangalore, India, warsha ya kwanza ya mfululizo uliohusu sayansi ya msingi ya anga za juu, ambao baadaye ulipita Lagos, Cairo, Colombo na miji mingine. Kuanzia mwaka 2010 mkazo ulihamia kwenye hali ya hewa ya anga za juu, yaani namna shughuli za Jua zinavyoathiri mazingira ya Dunia na mitambo yetu. Umoja wa Kimataifa wa Astronomia nao umekuwa ukiendesha shule ya wanaastronomia vijana tangu mwaka 1967, ambayo huchukua takriban wiki tatu. Kule Trieste, Italia, kipo kituo cha fizikia kilichoanzishwa mwaka 1964 kwa juhudi za mwanafizikia Mpakistani Abdus Salam, ambacho kimekuwa kikifundisha watafiti wengi wa nchi zinazoendelea matumizi ya mawimbi ya GPS katika kuchunguza angahewa ya juu.

Anayetaka mafunzo ya miezi badala ya wiki na avitazame vituo vya kikanda vinavyohusiana na Umoja wa Mataifa, vilivyopo Dehradun nchini India, Ile-Ife nchini Nigeria, Rabat nchini Moroko, Amman nchini Yordani, Beijing nchini China, na katika Amerika ya Kusini na Meksiko. Hiyo ni njia nyingine kabisa, na ukurasa huu hautaifuata zaidi.

Nchi yangu haina setilaiti wala darubini kubwa. Si nitakuwa nimejifunza kitu nisichoweza kukitumia?

Hili ndilo swali linalowazuia watu wengi kuomba, na linatokana na dhana iliyopitwa na wakati. Data za setilaiti nyingi za kisayansi hazibaki milele mikononi mwa aliyeomba uchunguzi ufanywe. Mtafiti aliyepewa muda wa kutumia darubini ya XMM-Newton ya Shirika la Anga za Juu la Ulaya, au Chandra ya NASA, zote mbili zilizorushwa mwaka 1999, hupewa kipindi cha kuzitumia data hizo peke yake, kwa kawaida kisichozidi mwaka mmoja. Kipindi hicho kikiisha, faili zote huwekwa kwenye hifadhi iliyo wazi kwa mtu yeyote duniani, bila malipo na bila kuulizwa ni raia wa wapi. Data za darubini za angani za Swift, iliyorushwa mwaka 2004, na za Fermi, iliyorushwa mwaka 2008, hazisubiri hata huo mwaka. Picha za Landsat, kwa wale wanaoitazama Dunia yenyewe, zimekuwa za bure tangu mwaka 2008. Programu za kuzichambua nazo hupatikana bure.

Lipo na jambo jingine ambalo mgeni wa fani hii halitambui upesi. Aliyeomba uchunguzi hutazama kile alichokiomba tu. Akiomba kundi moja la galaksi, kamera hunasa pembeni makumi ya vyanzo vingine ambavyo hakuviulizia. Na kwa XMM-Newton pekee vyanzo vilivyonaswa kwa bahati namna hiyo vimefika mamia ya maelfu. Vingi vyake havijawahi kuchunguzwa na mtu mmoja mmoja. Kwa hiyo hifadhi si makaburi ya data zilizokwisha kutumika. Ni shamba ambalo aliyelima alivuna safu moja akaondoka.

Kinachopungua, basi, si setilaiti. Kinachopungua ni mtu wa kumwonyesha mtafiti jinsi ya kuanza. Mwongozo wa programu moja ya uchambuzi unaweza kuwa na mamia ya kurasa, na hata msomaji mvumilivu hataoneshwa humo kosa lipi ni la kawaida na lisilo na madhara, na lipi litabatilisha makala yake yote. Ujuzi wa aina hiyo hupitishwa kutoka mtu hadi mtu, na warsha hizi zilianzishwa kwa ajili hiyo.

Inafaa kukumbusha hapa kwamba setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengwa kwa astronomia ya eksirei ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, na ikapewa jina la Uhuru kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake. Jina lilikuwa la Kiswahili. Data zikachambuliwa Marekani.

Mada gani hufundishwa, na ipi inamfaa mtafiti asiye na vifaa?

Mada hubadilika kila mara: astronomia ya eksirei na ya miali ya gama, mazingira ya sayari, fizikia ya Jua, uchunguzi wa bahari na mimea kutoka angani, na tabaka la ionosfia. Tangazo la kila warsha hutaja mada moja tu, na ni busara kusubiri ile inayokuhusu kuliko kuomba kila kitu.

Ionosfia inastahili maelezo marefu kidogo, kwa sababu ni mada ambayo nchi nyingi zinazoendelea hazina upungufu ndani yake bali zina faida. Tabaka hili la hewa iliyochajiwa umeme, linaloanzia kilomita zipatazo 60 juu ya ardhi na kupanda mamia ya kilomita, lina tabia za pekee kando ya ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo uga wa sumaku wa Dunia umelala sambamba na ardhi, ambayo si ileile ikweta ya ramani. Ikweta hiyo hupita Peru, Afrika ya Magharibi, Nigeria, Ethiopia na ncha ya kusini ya India. Mchana, mkondo mkali wa umeme hutiririka juu yake katika kimo cha kilomita mia moja na kidogo. Baada ya Jua kutua, sehemu ya juu ya tabaka hupanda na kuyumba, na mapovu yenye elektroni chache hujitokeza na kupanda juu kama povu la maji yanayochemka, yakivuruga mawimbi ya redio yanayopita humo. Rubani, mpima ardhi na nahodha wanaotegemea GPS huyahisi mapovu hayo kama hitilafu ya kipokezi. Mtafiti huyaona kama somo.

Ndiyo maana India ilichagua kijiji cha Thumba kwa ajili ya kurushia roketi zake za uchunguzi, ya kwanza ikiruka Novemba 1963, na ndiyo maana karibu na Lima, Peru, kuna kituo kikubwa cha rada cha Jicamarca. Mahali pengi penginepo kwenye mstari huo vyombo vilikuwa haba kwa miongo mingi. Kupitia mpango wa kimataifa wa hali ya hewa ya anga za juu, vyombo vya bei nafuu, kama vile vipima-sumaku vya MAGDAS vya Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, na vipokezi vya mawimbi ya redio ya Jua vya CALLISTO vilivyobuniwa Uswisi, vimesambazwa katika nchi nyingi, na warsha zimekuwa mahali pa kufundishia watakaovitunza na kuzisoma data zake.

Hata bila chombo maalumu, kipokezi cha GPS cha masafa mawili kilichofungwa kwa ajili ya upimaji ardhi kinatosha kuanzia. Setilaiti za GPS hutuma mawimbi katika megahezi 1575.42 na 1227.60, ionosfia huyachelewesha mawimbi hayo kwa viwango tofauti, na kutokana na tofauti hiyo hukokotolewa wingi wa elektroni njiani. Kile ambacho mpima ardhi hukitupa kama kosa, mtafiti wa ionosfia hukiokota.

Nani anastahili kuomba?

Walengwa wakuu ni wanafunzi wa shahada ya uzamivu, watafiti waliohitimu uzamivu miaka ya karibuni, na wahadhiri vijana. Mwanafunzi wa uzamili hukubaliwa pale anapoonyesha kwamba utafiti wake umekwisha anza. Umri hautajwi kama kikwazo katika warsha nyingi, lakini hatua aliyofikia mtu kikazi huangaliwa, kwa kuwa waandaaji wanataka mtu ambaye bado ana miaka mingi mbele ya kuutumia ujuzi na ambaye tayari ana msingi wa kuupokea. Profesa mwenye vyeo vingi asishangae kuachwa, na mwanafunzi wa shahada ya kwanza vivyo hivyo.

Chuoni kwetu hakuna mtaalamu hata mmoja wa fani hii. Je, nitahesabiwa kuwa mpweke mno?

La. Hali hiyo ni ya kawaida, na pengine inaongeza uzito wa maombi. Kinachotakiwa ni ushahidi kwamba kuna mtu chuoni, hata wa fani jirani, atakayekuruhusu kuendelea na kazi hiyo ukirudi. Mwanafizikia wa nishati ya jua anaweza kusimamia utafiti wa ionosfia kwa muda. Asiyeweza ni mkuu wa idara anayeamini kwamba warsha ni likizo.

Lazima niwe najua kuandika programu za kompyuta?

Kwa kiasi. Hakuna anayetarajia uwe mhandisi wa programu, lakini mshiriki ambaye hajawahi kutoa amri kwenye mfumo wa Linux, wala kusoma faili la data kwa lugha ya Python, atazitumia siku nne za mwanzo akijifunza mambo ambayo angejifunza nyumbani bila gharama. Wiki mbili ni fupi. Ikiwa umekubaliwa na ujuzi wako bado ni mdogo, tenga saa moja kila siku kwa miezi miwili kabla ya safari: jifunze kufungua faili za FITS, ambao ndio muundo wa data uliozoeleka katika astronomia tangu miaka ya 1980, kuchora grafu, na kuandika kitanzi kinachorudia kazi ileile kwa faili hamsini. Hayo yanatosha.

Barua ya maombi iandikweje?

Barua nyingi hukataliwa kwa sababu zinafanana. Zinaanza kwa kueleza jinsi mwandishi alivyozipenda nyota tangu utotoni, zinaendelea kwa kusifu umuhimu wa anga za juu kwa maendeleo ya taifa, na zinafunga kwa ahadi ya kuwa balozi mwema. Hakuna kosa la sarufi humo wala uongo, ila msomaji anayepitia barua ya themanini kwa siku hiyo hana chochote cha kushika.

Linganisha na mwombaji anayeandika hivi: kwa miaka miwili amekuwa akikokotoa wingi wa elektroni juu ya kituo kimoja cha GPS, anaona usiku fulani upungufu wa ghafla unaodumu dakika chache, hajui kama ni mapovu ya ionosfia au ni kipokezi kinachopoteza mawimbi, naye anataka kujifunza namna ya kuyatenganisha mawili hayo. Sentensi nne, na tayari msomaji anajua kwamba mtu huyu amegusa data, amekutana na ugumu wa kweli, na atajua la kufanya siku ya kwanza ya warsha. Ukweli kwamba hajapata jibu haumpunguzii kitu. Ni hoja yake kubwa.

Kwa hiyo andika swali lako katika aya ya kwanza. Taja data unazozifahamu kwa jina, hata kama ni chache. Eleza una kompyuta ya aina gani na mtandao wa namna gani chuoni, kwa kuwa waandaaji wanapenda kujua kama kazi itaendelea. Kama umewahi kuandika makala, hata ya jarida dogo, itaje; kama hujawahi, usijaze nafasi kwa orodha ya semina ulizohudhuria. Na usikopi barua ya rafiki, kwa sababu barua mbili zilizotoka chuo kimoja na kufanana neno kwa neno huwaangusha wote wawili.

Na barua ya mapendekezo?

Itoke kwa anayeijua kazi yako, si kwa mwenye cheo kikubwa kuliko wote. Barua ya makamu mkuu wa chuo inayosema kwamba mwombaji ni mtu wa tabia njema haisaidii. Mpe anayekuandikia nakala ya barua yako ya maombi na umkumbushe tarehe ya mwisho, kwa heshima, zaidi ya mara moja.

Nani analipa?

Kwa kawaida waandaaji hugharamia malazi na chakula cha washiriki waliochaguliwa, na hutoa msaada wa nauli kwa wanaouhitaji, wakati mwingine wote na wakati mwingine sehemu tu. Fedha hizo hutoka kwa taasisi kadhaa kwa pamoja, zikiwemo mashirika ya anga za juu, vyama vya kimataifa vya wanasayansi na nchi mwenyeji, kwa hiyo kiwango hutofautiana kati ya warsha moja na nyingine, na tangazo la warsha husika ndilo la kutegemewa.

Ukiombwa kueleza mahitaji yako ya nauli, sema kweli. Mwombaji anayeandika kwamba atajilipia ilhali hana uwezo, akidhani atapendelewa, huishia kujiondoa wiki ya mwisho, na nafasi yake hukosa mtu. Vilevile, ukipokea barua pepe ya kukupongeza kwa kuchaguliwa kwenye warsha usiyoiomba, inayokutaka utume ada ya usajili kwenye akaunti ya mtu binafsi, huo ni utapeli.

Viza huchukua muda gani?

Mrefu kuliko unavyodhani, na huu ndio mlango ambao washiriki wengi waliochaguliwa hukwamia. Ubalozi wa nchi mwenyeji unaweza kuwa haupo nchini mwako, hivyo pasipoti ikalazimika kusafiri kwanza. Uwanja wa ndege wa kubadilishia ndege nao unaweza kukutaka uwe na viza ya kupita, hata kama hutoki nje ya jengo. Omba pasipoti kabla hata ya kuomba warsha. Ukichaguliwa, omba barua rasmi ya mwaliko siku hiyohiyo, na hakikisha jina lililoandikwa humo linafanana herufi kwa herufi na la kwenye pasipoti. Baadhi ya nchi hudai cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa. Kuchanjwa asubuhi ya safari hakusaidii kitu.

Waandaaji wanaofahamu tatizo hili huziweka warsha ndani ya ukanda wanakotoka washiriki, na kwa maoni yetu huo ndio utaratibu ulio bora, hata kama wahadhiri ndio watakaosafiri mbali.

Lugha ni ipi?

Mara nyingi ni Kiingereza. Hakitakiwi kiwe cha kupendeza. Wahadhiri wengi nao hawakuzaliwa nacho, na mahali ambapo maneno yanakwama, grafu huzungumza.

Siku hupitaje?

Siku za mwanzo asubuhi huwa na mihadhara: chombo kinafanyaje kazi, kinapima nini, na kinadanganya wapi. Mchana ni mazoezi. Kadiri siku zinavyosonga, mihadhara hupungua na kazi ya mradi huongezeka, hadi wiki ya pili karibu yote iwe ni mradi.

Tuseme umechagua kundi la galaksi lililochunguzwa na XMM-Newton. Unachopokea si picha, bali ni orodha ndefu ya fotoni, yaani chembe za mwanga, kila moja na wakati iliponaswa, mahali ilipoangukia kwenye kamera, na nishati yake. Picha ni wewe utakayeitengeneza. Kwanza unaondoa vipindi ambavyo protoni kutoka angani ziliifurika kamera. Wakati mwingine kufanya hivyo kunakula nusu ya uchunguzi wote, na mshiriki hujifunza mapema kwamba saa za data zilizoandikwa kwenye orodha si saa za data zinazofaa. Kisha unatenganisha mwanga wa kundi na ule wa nyuma yake, jambo linaloonekana rahisi mpaka ukumbuke kwamba kundi limejaa kwenye kamera yote na hakuna pembe iliyo tupu. Kisha unachota spektra, yaani mgawanyo wa fotoni kwa nishati zake, unailinganisha na mfano wa gesi yenye joto la makumi ya mamilioni ya nyuzi, na unapata halijoto.

Hapo ndipo kazi huanza, kwa kuwa mhadhiri atakuuliza umejuaje. Fotoni zikiwa chache, kanuni ya takwimu iliyozoeleka, inayochukulia kwamba makosa yametawanyika kwa ulinganifu, hutoa jibu lililopotoka, na inabidi kutumia kanuni inayofaa hesabu ndogo. Wengi huligundua hilo saa nne usiku. Siku ya mwisho kila mshiriki hueleza mradi wake mbele ya wenzake kwa dakika chache, na mara nyingi anayekiri wazi kwamba jibu lake la kwanza lilikuwa na kosa ndiye husikilizwa kwa makini kuliko wote.

Niende na kompyuta yangu?

Ndiyo, kama unayo. Kazi utakayoiacha kwenye kompyuta ya mwenyeji utaiacha kweli. Programu nyingi za fani hii hukaa vizuri kwenye Linux na kwenye kompyuta za Apple. Mwenye Windows anaweza kufunga Linux ndani yake. Zifunge kabla ya kuondoka, uache nafasi ya makumi ya gigabaiti kwenye diski, na ubebe diski ya nje.

Cheti cha ushiriki kina uzito gani?

Kidogo. Kitakusaidia kurudishiwa posho na kujaza fomu za kupandishwa cheo. Makala moja iliyotokana na mradi wako ina uzito zaidi ya vyeti kumi.

Warsha za mtandaoni zinatosha?

Kwa mihadhara, zinatosha kabisa, na rekodi zake hurudiwa. Kwa mradi, hazitoshi. Mtu aliyekwama kwa saa mbili hasemi kwenye mkutano wa mtandaoni kwamba amekwama, ilhali akiwa chumbani uso wake unasema. Ongeza kwamba mshiriki aliyebaki kazini haachiwi na kazi: mkuu wake humpangia vipindi vya kufundisha akijua kwamba yupo.

Nikirudi nifanye nini ili nisipoteze nilichokipata?

Hatari haiko wiki ya kwanza, wakati kila kitu bado ni cha moto. Iko mwezi wa tatu, baada ya mitihani ya wanafunzi kusahihishwa, vipindi kurundikana, na programu kugoma kufunguka baada ya mfumo wa kompyuta kuboreshwa. Mhadhiri uliyempenda hajibu tena upesi kama alivyokuwa akijibu, wala si kwa ubaya. Naye ana mwezi wake wa tatu.

Jambo la kwanza ni kuondoka warshani na data zote mkononi, si na viungo vya mtandao. Nakili kwenye diski faili za mradi wako, faili za urekebishaji wa chombo, na programu zenyewe. Pale ambapo mtandao wa chuo ni dhaifu, jifunze kutumia majukwaa yanayokuwezesha kuchambua data hukohuko zilikohifadhiwa, kama lile la Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ili kinachosafiri kwenye mtandao wako kiwe ni grafu tu.

La pili ni kupata wenzako. Watatu wanaokutana kila Ijumaa kusoma makala moja wana nguvu kuliko mmoja mwenye shauku. Wafundishe ulichojifunza mapema, kabla hujasahau, hata kama hujakielewa chote. Atakayekuuliza swali usiloliweza amekusaidia.

La tatu ni kukubaliana na mhadhiri wa mradi wako, kabla hamjaagana, juu ya nani atafanya nini kuelekea makala, na nani ataandikwa kama mwandishi. Mazungumzo hayo huonekana kama yana haya, lakini makala nyingi zimekufa kwa kukosekana kwake. COSPAR ina utaratibu wa ufadhili kwa waliopitia warsha zake, unaowawezesha kwenda kwa wiki chache katika taasisi nyingine kukamilisha kazi waliyoianza. Anayeomba akiwa na rasimu mkononi ana hoja nzito kuliko anayeomba akiwa na nia. Kuhusu ada za kuchapisha, majarida mengi huwapunguzia au kuwasamehe waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, lakini lazima uombe mwenyewe, na uombe wakati wa kuwasilisha makala, si baada ya ankara kufika.

Je, warsha hizi si njia ya kuwachukua vijana wetu kwenda nje?

Baadhi huondoka, na hakuna haja ya kulificha. Lakini wiki mbili za mafunzo ndizo zenye hatari ndogo zaidi kwa upande huo, kwa kuwa mshiriki hurudi kwenye ajira yake akiwa na kazi anayoweza kuifanya akiwa hapo. Anayeondoka huondoka kwa sababu hana muda wa utafiti, hana umeme wa uhakika, au hana mtu wa kuzungumza naye juu ya kazi yake. Mawili ya mwanzo hayatatuliwi na warsha. La tatu hutatuliwa.

Nimekataliwa. Niache?

Hapana. Idadi ya nafasi ni ndogo na uwiano wa nchi huzingatiwa, hivyo mwombaji mzuri anaweza kuachwa kwa kuwa wanne wengine wazuri wametoka nchi yake. Omba tena, ila uwe na kitu kipya cha kuonyesha. Wakati unasubiri, mazoezi ya warsha nyingi zilizopita yako wazi mtandaoni, na data ni zilezile.

Chuo chetu kinaweza kuwa mwenyeji?

Kinaweza, na mwenyeji hunufaika kuliko mgeni yeyote, kwa kuwa wanafunzi wake huingia kwa urahisi na mafundi wake hubaki na ujuzi. Anza kuandaa angalau miaka miwili kabla. Waandaaji wa kimataifa watauliza juu ya chumba chenye nafasi ya kila mshiriki na kompyuta yake, malazi yaliyo karibu, kamati ndogo ya wenyeji ambao kweli watafanya kazi, na mtu wa kufuatilia viza za wageni katika wizara inayohusika. Watauliza pia juu ya mtandao, na hapa jibu la "upo" halitoshi. Waketisheni watu thelathini chumbani siku ya kawaida ya masomo, kila mmoja apakue faili moja la gigabaiti moja kwa wakati uleule, jenereta ikiwa ndiyo inayotoa umeme, kisha andikeni kwenye maombi yenu ilichukua muda gani.